Wale Ambao Majina Yao Hayakusomwa

Saa kumi na dakika ishirini jioni, katika uwanja wa shule moja ya msingi mtaani Nyalenda, Kisumu, kocha alitoa simu mfukoni akaanza kusoma majina. Vijana 43 walikuwa wamesimama mbele yake kwa nusu duara, wengi wao miguu mitupu, wachache wakiwa na njumu zilizokwisha kupita kwa fundi wa viatu zaidi ya mara moja. Yalitakiwa majina 18 ya kikosi cha mashindano ya wadi ambayo yangeanza Jumamosi. Kila jina lilipotajwa, mwenyewe alitoka kwenye duara, akavuka mstari na kusimama upande wa lango, akijikaza asitabasamu. Baada ya jina la 18 kocha alirudisha simu mfukoni, akawashukuru waliosalia kwa kujitolea kwao, akawaambia wasivunjike moyo, kisha akawageukia wale wa upande wa lango. Mvulana mmoja wa miaka 13 hivi, ambaye hakuitwa, aliketi chini, akafungua kamba za njumu alizovaa, akazikung'uta udongo mweusi wa Nyalenda, akampelekea mwenzake aliyeitwa. Huenda zilikuwa za kuazima na sasa zinarudi kwa mwenyewe. Huenda zilikuwa zake naye ndiye anayeazima. Sikuuliza.

Habari za vijana wetu huandikwa kuhusu wale 18, na mara nyingi kuhusu mmoja tu kati yao. Mimi nataka kuandika kuhusu wale 25, kwa sababu naamini kwamba thamani ya mradi wowote wa vijana, uwe wa mpira au wa masomo ya ziada, inaonekana kwao kuliko inavyoonekana kwa waliochaguliwa. Miradi mingi tunayoiita ya kukuza vipaji katika ukanda huu wa magharibi, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, ukiichunguza utaona haikuzi kitu, inachekecha. Chekeche lina kazi yake jikoni, na hakuna anayelilaumu kwa kuzuia makapi yasiingie kwenye unga. Shida inakuja pale ambapo kinachochekechwa ni watoto, na aliyelishika hajajiuliza wale waliosalia juu yake watakwenda wapi jioni hiyo.

Sina nia ya kuwapuuza wanaopita. Mnamo Oktoba 2024 timu ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, ilicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza ya soka kutoka Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA, na katika mechi yake ya mwisho ya kundi ikaifunga Mexico 2-1. Kadhaa kati ya wasichana hao walitoka katika shule za sekondari za ukanda wetu huu, na nyuma ya mchezaji wa aina hiyo kwa kawaida yupo mwalimu wa michezo aliyemwona mahali fulani akicheza na wavulana, akamtafutia shule. Shule ya Kakamega High na timu yake ya soka, Green Commandos, wamekuwa kwa miaka mingi mlango wa vijana waliokuwa na miguu lakini hawana karo. Hilo ni jambo jema na halihitaji mtu wa kulitetea. Linalohitaji kuangaliwa ni hesabu yake.

Shule ya wanafunzi 900 inaposajili wachezaji 20, imewahudumia wanafunzi wawili na ushei katika kila 100. Mashindano ya soka ya muhula wa pili yanapita kaunti ndogo, yanapanda kaunti, kanda, kisha taifa, na kila ngazi ni chekeche lenye matundu madogo kuliko lililotangulia. Kikosi kinachotolewa kwenye kaunti ndogo, kama vinavyotolewa vikosi vyote huko isipokuwa kimoja au viwili, kinarudi nyumbani. Mipira inafungiwa stoo, na mwalimu wa michezo anarudi kufundisha jiografia hadi mwaka ujao. Kipindi cha mazoezi ya viungo kilichoandikwa kwenye ratiba, ambacho ndicho pekee kingewafikia wale 880 wengine, kila aliyesoma Kenya anakijua kwa jina lake la kweli, yaani kipindi cha hisabati.

Pengine tungevumilia haya yote kama chekeche lingekuwa linapima kipaji. Imejulikana kwa muda mrefu, katika soka ya vijana ya Ulaya na katika magongo ya barafu ya Kanada, kwamba vikosi vya watoto hujaa wale waliozaliwa katika miezi ya mwanzo baada ya tarehe ya kugawa umri. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huwekwa kundi moja, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu mwaka mzima wa kula, kukua na kukimbia. Kocha anaona mapafu na mapaja, akadhani ameona kipaji. Aliyechaguliwa hupewa mazoezi zaidi, mechi zaidi na kocha aliye bora zaidi, na baada ya miaka mitatu ile iliyokuwa tofauti ya tarehe ya kuzaliwa huwa imekwisha kugeuka tofauti ya kweli ya ujuzi. Wakati huo kocha akisema, "Si niliwaambia?" anakuwa amesema kweli, na ukweli huo ameutengeneza mwenyewe.

Hapa kwetu jambo hilo limeongezewa jingine ambalo kila refa wa mashindano ya wadi analijua ingawa halisemwi kwa sauti, nalo ni umri wa kwenye karatasi. Tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikitumia picha za MRI, za mashine inayoonyesha ndani ya mwili, za kifundo cha mkono kukagua umri wa wachezaji wa Kombe la Dunia la wavulana wasiozidi miaka 17. Wadi zetu hazina mashine hiyo, zina barua za kuthibitisha umri. Kijana wa miaka 18 mwenye ndevu anayecheza na watoto wa miaka 14 anamnyima nafasi mtoto mmoja, lakini anafanya zaidi ya hapo, maana anamzoesha kocha kuamini kwamba mtoto wa miaka 14 anapaswa kuwa na mwili kama ule. Na yeye mwenyewe, tukitaka kuwa wa haki, ni mhasiriwa wa chekeche lilelile, kwa kuwa alipokuwa na miaka 14 ya kweli hakuna aliyemtaka.

Ukitoka uwanjani ukaingia darasani unakuta chombo ni kilekile, kimebadilishwa jina tu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo na kuweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ipo na tuisheni ipo. Ilichofanya ni kuhama kutoka shuleni kwenda kwenye makanisa ya mabati, vibaraza vya walimu na vyumba vya kukodi nyuma ya maduka, ambako mtoto huingia saa kumi na moja jioni akiwa na shilingi 50 kiganjani na penseli sikioni. Sina ugomvi na mzazi anayelipa hizo 50. Anajua darasa la mwanawe limejaa hadi dirishani, na anajua kwamba mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja hata angekuwa na moyo wa malaika. Ninalouliza ni nani hasa anayefundishwa mle chumbani.

Bahati ni kwamba swali hilo lina majibu, na yalipatikana hapa hapa magharibi. Michael Kremer, mchumi Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu katika sekondari ya Eshisiru huko Kakamega katikati ya miaka ya 1980, alirudi miaka ya 1990, na pamoja na wenzake wakafanya majaribio katika shule za msingi za Busia na Teso. Kazi hiyo ndiyo iliyochangia yeye, Esther Duflo na Abhijit Banerjee kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. (Wengi wetu tulisikia habari za tuzo, wachache tulisikia kwamba mizizi yake imo katika vumbi la Busia.) Jaribio mojawapo lilikuwa la kugawa vitabu vya kiada. Ilitarajiwa kwamba shule ikipata vitabu, alama zitapanda. Kwa wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakifanya vizuri. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na vilifuata mtaala uliomwazia mtoto wa mbele. Mtoto wa nyuma alikuwa na kitabu mkononi, hawezi kukisoma.

Jaribio jingine linaigusa tuisheni moja kwa moja. Zilichukuliwa shule 100, na katika 50 kati yake walimu wakaahidiwa zawadi iwapo wanafunzi wao wangefanya vizuri. Katika mitihani iliyofungamanishwa na zawadi alama zilipanda kweli. Lakini watafiti walipochunguza walimu wamebadilisha nini, hawakuwakuta wakihudhuria shuleni zaidi wala wakitoa kazi nyingi zaidi za nyumbani. Waliwakuta wameongeza vipindi vya kujiandaa kwa mtihani nje ya saa za kawaida. Mradi ulipokwisha, na ile faida ikayeyuka. Nimelirudia jaribio hilo mara nyingi kwa sababu matokeo yake nayaona kila siku katika watoto wa jirani zangu, ambao wanaweza kukutajia jibu la swali la mtihani wa mwaka juzi kabla hujamaliza kulisoma, na ukiligeuza swali kidogo tu wanakutazama kana kwamba umewadhulumu. Alama ya wastani iliyoandikwa kwa rangi kwenye lango la shule inapandishwa kwa njia hiyo, na anayeipandisha ni mtoto aliye karibu na mstari wa kufaulu, ambaye kwa kusukumwa kidogo atauvuka. Aliye mbali na mstari huyo hapati wa kumsukuma, maana jasho litakalomwagika juu yake halitaonekana langoni.

Hata hivyo ingekuwa pupa kusema kwamba kuwagawa watoto kwa viwango ni kosa daima. Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifanya jaribio la tatu katika shule 121 za magharibi mwa Kenya ambazo zote zilikuwa zimeongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa alama zao za awali. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengi wetu tungebashiri kwamba wenye nguvu wangepaa na wanyonge wangezama. Baada ya miezi 18, makundi yote mawili katika shule zilizogawanya kwa viwango, la juu na la chini, yalikuwa yamewapita wenzao wa shule zilizochanganya. Sababu haihitaji uprofesa. Mwalimu aliyekabidhiwa watoto ambao ndiyo kwanza wanazitambua herufi alilazimika kuwafundisha herufi. Hapo ndipo ninapoiona tofauti niliyokuwa nikiitafuta, kwa kuwa kutenganisha ili kila kundi lipate wake wa kulifundisha ni kazi ya mwalimu, na kutenganisha ili kundi moja liachwe ni kazi ya chekeche. Katika jaribio lile wa chini walipewa mwalimu wao. Kule Nyalenda wale 25 waliambiwa wasivunjike moyo.

Siandiki haya nikiwa mbali nayo. Nilikuwa kipa wa akiba kwa miaka mitatu katika shule moja ya bweni huko Kakamega, na katika miaka hiyo nilicheza dakika 40 kwa jumla, zote siku ambayo kipa wetu alivunjika kidole. Kuhusu hilo sina malalamiko. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa hodari kuliko mimi, na zile safari za Kitale na Kisii juu ya lori la shule, tukiimba hadi sauti zinakauka, sijapata kuzisahau. Lililonikaa moyoni ni jambo dogo la ratiba. Muhula wa pili tulikosa vipindi vingi, na shule, kwa nia njema kabisa, ikaandaa masomo ya kufidia usiku baada ya chakula kwa ajili ya wachezaji. Orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba hicho ilikuwa na majina 11. Sisi wa benchi tulikuwa tumepanda lori lilelile na kukosa vipindi vilevile vya logarithimu, lakini aliyeiandika orodha aliona kwamba asiyecheza hakukosa kitu. Katika mtihani wa mwisho nilipata D ya hisabati. Sitamsingizia mtu D yote. Nusu yake ni yangu.

Ipo njia nyingine, na si ngeni nchini. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa katika mtaa wa Mathare, Nairobi, mwaka 1987, kilipanga ligi zake za watoto hivi kwamba timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa kama inavyopata pointi kwa kushinda mechi. Vijana wake pia hujikusanyia alama kwa kuwafundisha wadogo, kuamua mechi na kuongoza kazi za mtaa, na waliojitokeza zaidi katika hayo hulipiwa karo, fedha zikipelekwa shuleni. Tazama jinsi hesabu inavyogeuka. Mvulana asiye na kasi wala kimo, ambaye kwingine angekuwa ametupwa nje akiwa na miaka 12, anaweza kuwa refa wa watoto akiwa na miaka 15, akapata kwa filimbi kile ambacho mwenzake anakitafuta kwa mguu. Hajaambiwa kwamba kila mtu ni mshindi, maneno ambayo watoto wa mitaa hawayaamini hata kidogo. Amepewa kazi ambayo isipofanywa mechi haichezwi.

Mradi ninaoujua kwa karibu zaidi uko Manyatta, hapa Kisumu, na hauna bango wala ofisi. Anayeuendesha ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, ambaye wasichana wake humwita Mwalimu hata wakiwa uwanjani. Mazoezi yake huanza saa kumi kamili na kwisha saa kumi na moja na robo, hata kama mechi imenoga. Mara ya kwanza nilipofika nilishangaa kuona mitungi ya lita 20 imepangwa nyuma ya lango, ya manjano, mingine imefungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni badala ya kifuniko. Nilidhani ni ya kuuza maji. Ilikuwa ya wachezaji. Mwalimu amekubaliana na shule kwamba kabla ya kuondoka kila msichana achote maji kwenye bomba la shule, kwa sababu msichana akirudi nyumbani jioni akiwa na jasho na mikono mitupu, kesho yake harudi mazoezini. Akirudi na mtungi umejaa, hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Kisumu giza huingia baada ya saa kumi na mbili unusu, mwaka mzima. Mradi usiozijua saa hizo mbili na nusu za mwanga, na usiojua ni kazi gani za nyumbani zinazogombania muda huohuo, utabaki na wavulana peke yao, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba wasichana hawapendi michezo.

Kati ya mazoezi na bomba kuna nusu saa ya masomo chini ya mwembe. Hakuna mwalimu wa kulipwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu huwafundisha wa gredi ya sita, na siku niliyokuwapo somo lilikuwa sehemu: robo ya uwanja, thuluthi ya robo, watoto wakikimbia kwenda kusimama mahali walipodhani jibu lipo, na waliokosea wakibishana na waliopatia kwa sauti ambayo darasani ingewaletea adhabu. Niliwatazama wale wa kidato cha tatu kuliko nilivyowatazama wadogo. Mmoja wao alikwama alipoulizwa kwa nini thuluthi ni kubwa kuliko robo ilhali tatu ni ndogo kuliko nne, akatulia, akachora chapati mbili mchangani. Sidhani kama mwanafunzi yule alikuwa amewahi kuulizwa swali hilo na mtihani wowote, na nina hakika kwamba jioni ile ndipo alipolielewa.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote katika mradi ule ni daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu. Mwenye kulitunza ni msichana wa miaka 15 ambaye goti lake halimruhusu tena kucheza. Yeye huandika nani amefika na nani hakufika, na jina lisiloonekana mara mbili mfululizo, yeye na mwenzake mmoja huenda nyumbani kwa mwenye jina hilo kuuliza. Mara nyingi jibu ni dogo. Sketi moja iliyopo imefuliwa haijakauka, mama yuko hospitalini, mtoto mchanga hana wa kumshika. Mara chache si dogo, na hapo ni heri limejulikana katika wiki ya pili kuliko kujulikana mwisho wa muhula, wakati shule nayo ndiyo kwanza inagundua kwamba dawati liko tupu. Shule zilipofungwa Machi 2020 na kutofunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2021, uwanja nao ulifungwa, lakini ziara za daftari ziliendelea kwa barakoa na kwa umbali. Hakuna kombe linalotolewa kwa kazi hiyo. Hata picha yake ni vigumu kupigwa, maana utapiga picha ya nini? Wasichana wawili wamesimama mlangoni.

Liko na lisilopendeza, nalo lazima lisemwe. Mtu mzima mwenye uwezo wa kusoma majina ana nguvu kubwa mno juu ya mtoto anayetamani kusomwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamwadhibu mwalimu anayeitumia nafasi yake dhidi ya mwanafunzi, na mwalimu huyo anaye mwajiri anayeweza kumwita, kumsimamisha na kumfuta. Kocha wa mtaani na mwenye tuisheni ya chumba cha kukodi mara nyingi hawana wa kuwaita. Wengi wao ni watu waungwana wanaotumia nauli yao wenyewe, lakini uungwana wa wengi haumlindi mtoto aliyeangukia kwa mmoja asiye nao, na kadiri nafasi zinavyokuwa chache, ndivyo mtoto anavyokuwa mnyonge mbele ya anayezigawa. Ndiyo maana yule Mwalimu wa Manyatta hasomi majina peke yake. Orodha ya kikosi huandikwa na watatu, wawili kati yao wakiwa wachezaji waliochaguliwa na wenzao, na sababu za kila mmoja kuingia au kukosa hutajwa hadharani. Nilimuuliza kama haoni jambo hilo linaleta ubishi. Akasema linaleta, ndiyo.

Tangu Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya limo gredi ya 10, na miongoni mwa mikondo mitatu iliyowekwa mbele yao umo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, pamoja na ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na ule wa sayansi za jamii. Kwa mara ya kwanza mpira umo ndani ya lango la masomo, na si kocha peke yake anayeweza kunufaika. Kuna refa, mtabibu wa viungo, mtunza takwimu, mtangazaji, mwenye kusimamia uwanja. Hofu yangu ni mbili na zote ni za kawaida. Shule zenye viwanja na vifaa ni zilezile kubwa zilizokuwa navyo, na mkondo huo unaweza kugeuka haraka kuwa mahali pa kupeleka walioshindwa kwingine, kama ufundi ulivyofanyiwa katika enzi zilizopita.

Wakati huohuo uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakaribia, na kila mkazi wa ukanda huu anajua maana yake kwa vijana: vikombe. Vitachipuka katika kila wadi, na jezi zenye picha ya mfadhili kifuani, na fainali yenye spika kubwa kuliko jukwaa, na hundi ya kadibodi ambayo watu wanne wanaishika. Mwaka jana nilialikwa katika kamati ya mashindano ya aina hiyo, ambayo sina haja ya kuyataja. Fedha zote za zawadi zilikuwa za mshindi wa kwanza na wa pili. Nilipendekeza thuluthi moja itengwe kwa ajili ya timu ambayo, ifikapo wiki ya pili ya muhula wa tatu, itaonyesha kwamba wengi zaidi kati ya vijana wake wote wako darasani, wakiwemo wa benchi na wale walioachwa nje ya orodha ya 18. Kocha alete daftari, walimu wakuu watie sahihi. Mwenyekiti alinisikiliza kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa, mwandishi, hao ambao hawakucheza, tutawapigia makofi wakiwa wapi?"

Tukapiga kura. Pendekezo likaangushwa kwa kura 7 dhidi ya 2. Ile ya pili iliyoniunga mkono ilikuwa ya refa.